Amplifaya Isiyo na Bei

Nilikuwa nanunua vitunguu. Sikilizeni vizuri, maana ndugu wa mume wangu wanatangaza kwamba mimi ndiye niliyempeleka kule. Mimi nilikuwa nanunua vitunguu tu.

Tulikuwa Mbalizi, tumetoka kumwona mtoto mchanga wa wifi yangu Tumpe. Jua linazama, wachuuzi wanakunja maturubai, umeme umekatika mtaa mzima. Nikageuka kumwambia mume wangu Sosthenes tuwahi kurudi kwa wifi, hayupo. Kumbe bwana mkubwa amesimama kwenye mlango wa kibanda nyuma ya mashine ya kusaga, mdomo wazi.

"Mama Blessing," akaniita. "Njoo uone kitu."

Nikajua. Amplifaya!

Sosthenes alikuwa na spika mbili ndefu, zinamfika kifuani. Spika zenyewe sauti tamu, sikatai, lakini zilikuwa zinakula amplifaya kama mchwa unavyokula mbao. Ya kwanza ilijizima kila besi ilipopanda. Ya pili ilitoa moshi mbele ya wageni. Mwishowe tukaenda Iringa kwa Juzer, muuza redio, mtu asiyependa kubabaisha wateja.

"Usidanganywe na wati zilizoandikwa kwenye boksi," Juzer alimwambia. "Spika zako ni za omu nne, kipimo cha spika zinazovuta sana, zinadai umeme wa kweli. Tafuta mashine inayokubali omu nne, yenye transfoma nzito. Ukiinyanyua kwa mkono mmoja, iache. Ninayo moja inakuja wiki ijayo. Vumilia."

Vumilia! Kipaimara cha binti yetu kilikuwa Jumapili hiyo, na Sosthenes alishakiambia kijiji chetu kizima, Igowole, kwamba siku hiyo watasikia muziki. Mume wangu anajua kulima, anajua kuomba, kusubiri hajui.

Nikaingia kibandani. Giza. Harufu ya udongo mbichi, ule wa kuchimbwa leo leo. Juu ya meza, amplifaya nyeusi ilikuwa inawaka taa nyekundu.

Na umeme haupo.

"Betri hiyo," Sosthenes akasema kabla sijauliza.

Nyuma ya meza alikaa mzee mwenye koti la mvua. Mvua yenyewe haikuwepo. Hakuongea kama watu, alinong'ona, kama aliyekaukiwa koo.

"Inyanyue..."

Sosthenes akainyanyua. Mishipa ya shingo ikamtoka. "Umeona uzito? Juzer mwenyewe angeikubali!"

"Nyumbani kuna anayeimba?" mzee akanong'ona.

"Binti yangu, Blessing. Jumapili anaimba kanisani, peke yake, mbele ya mchungaji!"

Nilimfinya. Humpi mgeni jina la mwanao jioni jioni, humjui baba yake wala mama yake. Mzee akafumba macho, akalirudia jina polepole, kama anaonja chumvi kwenye mchuzi.

"Blessing..."

"Bei gani?" nikauliza mimi.

"Kaisikilizeni kwanza."

Nikamvuta Sosthenes shati. "Kitu kisicho na bei kina mwenyewe. Twende zetu."

"Wewe kila kitu ugomvi," akasema. Akaibeba.

Igowole ilitupokea kwa ukungu wake. Sosthenes akaziunga nyaya, akaweka kwaya. Haki ya Mungu, spika zile hazijawahi kuimba vile. Besi ilitulia, sauti za juu zikawa safi, ungedhani wanakwaya wamejipanga pale sebuleni. Sosthenes alicheka mpaka machozi. Mimi nilisikia kitu kingine. Kabla ya kila wimbo, kulikuwa na mtu anavuta pumzi...

Nikasema. Nikaambiwa nina wivu na redio.

Kesho yake, giza linaingia, nilikuwa jikoni na Blessing tunamenya viazi. Sebuleni hakuna mtu. Redio imezimwa. Ndipo ikasikika.

"Blessing... Blessing weee..."

Ilikuwa sauti ya mama yangu mzazi, niliyemzika mwaka jana.

Sisi kwetu mtu akiitwa jioni na asiyemwona, haitiki. Anasubiri aitwe tena, na tena, kwa maana kisicho mtu hakiiti mara ya tatu. Hilo Blessing alifundishwa. Lakini nilimfundisha pia, kwa fimbo, kwamba mtoto mwenye adabu akiitwa na bibi yake hasubiri. Nikanyoosha mkono nimzibe mdomo. Nilichelewa.

"Abee, bibi!"

Akanigeukia. Midomo ikacheza. Hakuna kitu. Akashika koo, akapanua mdomo, akalia bila mlio, mwanangu, machozi tu yanashuka.

Na kutoka sebuleni, kwenye spika zote mbili, ikasikika vizuri kabisa:

"Abee, bibi!"

Nilichukua mtwangio. Nikachomoa waya ukutani. Taa nyekundu ikabaki inawaka. Nikainua mtwangio juu ya ile mashine, nawaapia ningeisaga ikawa unga.

"Mama, usivunje," spika zikasema kwa sauti ya mwanangu. "Nipo humu."

Nikauweka mtwangio chini. Sosthenes alikuwa amesimama mlangoni, ametoka kumwagilia mboga, ndoo mkononi. Sitarudia niliyomwambia. Mchungaji bado anakuja kusali kwetu.

Zahanati walimulika koo, wakasema lipo zima. Basi tukapanda gari la Mbeya, Blessing katikati yetu, mashine imefungwa kwenye khanga. Njia nzima nilimsema Sosthenes. Yeye alikuwa anakaza tu fundo la khanga. Hilo nalo lilinikasirisha.

Tulifika Mbalizi jua likiaga. Kibanda kilikuwa palepale. Mzee alikuwa palepale, na koti lake. Nikaibwaga mashine mezani, khanga ikafunguka, taa nyekundu bado inawaka.

"Shikamoo, mama," akasema.

Kwa sauti ya Blessing.

Sauti ile ya mtoto, inatoka kwenye mdomo ule usio na meno. Kitu kikanipanda kichwani. Sikuogopa, niseme ukweli. Nilikasirika tu, nikaita kama ninavyoita siku zote sufuria ikiungua:

"Blessing!"

"Abee, mama!"

Mzee akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Hakutaka kujibu! Hapo ndipo nilipoelewa: sauti ilikuwa kwake, ila bado ilikuwa yangu. Nikaipigia kelele tena, na tena. Kila nilipoita iliitika, na kila ilipoitika ilizidi kusogea, ikatoka kwake ikaja upande wetu. Blessing akaanza kukohoa. Jina langu halijawahi kuwa Evarista kama siku ile.

Mzee akaanguka kwenye kiti. Mnong'ono wake wa zamani ukarudi.

"Mashine haikai na njaa... Mkichukua huyu, sharti aingie mwingine. Asipoingia, atarudi huyuhuyu."

"Utakula koti lako!" nikamwambia.

Akanitazama. Harufu ya udongo ikajaa kibandani. Akaniita, kwa sauti ya mama yangu.

"Evarista..."

Mimi sijawahi kuitwa nikanyamaza. Matusi yalishafika kwenye ulimi, nimejaza pumzi, nafungua mdomo nimjibu anavyostahili...

Kiganja kikanifunika mdomo. Kigumu, chenye harufu ya jembe. Cha Sosthenes.

Akaitika yeye.

"Naam."

Taa nyekundu ikazimika.

"Baba!" Blessing akapiga kelele. Sauti yake, yote, kooni kwake. "Baba, twende!"

Sosthenes akamtazama, akatabasamu, akafungua mdomo kumjibu. Nilimwona anajaribu. Nilimpiga ngumi za kifua. Nilimuuliza nani alimtuma, nani alimwomba, lini nimewahi kumwomba anijibie. Aliniacha nimpige mpaka nikachoka, kisha akatushika mikono akatutoa nje.

Jumapili Blessing aliimba. Watu walilia. Baba yake alikaa benchi la mbele, anaigiza maneno kwa midomo.

Spika zile ameziuza. Amplifaya ilibaki kule. Juzi jirani yetu Ezekia amerudi kutoka Mbalizi kuuza viazi, akapita kwangu akicheka.

"Mama Blessing, baba Blessing amefungua biashara? Nimemsikia kule jioni, nyuma ya mashine ya kusaga, anakaribisha wateja wa redio. Nikamwita, akaniitikia. Sema sikumwona, kulikuwa na giza."

Sosthenes alikuwa ameketi pale pale pembeni yangu, anapukuchua mahindi. Aliinama, akaendelea.

Usiku huo nilimfokea. Mpumbavu, mbishi, asiyesikia, kwa nini ulinijibia. Nilisema yote, nikanyamaza, nikasubiri aseme kama zamani kwamba mimi kila kitu ugomvi. Nilisubiri sana. Sasa kwenye nyumba hii nagombana peke yangu.