King'ora cha Chai

Mama Pacha aliuza chai kwa wachimba mchanga. Jiko lake lilikuwa mtoni, palepale kwenye mchanga, chini ya bwawa jipya la umeme. Tangu bwawa lijengwe, mto ulikuwa umekonda. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu tu, na mchanga safi ulikuwa tele. Mumewe alikuwa hodari wa koleo, na hodari zaidi wa maneno.

Kila Jumatatu saa nne asubuhi, king'ora cha bwawa kilijaribiwa. Wachimbaji walikigeuza kuwa saa yao. Kikilia tu, waliweka makoleo chini na kukaa kuzunguka jiko.

Alhamisi moja kililia tena. Jua lilikuwa kali. Hapakuwa na wingu hata la dawa.

"Leo wametuonea huruma!" mumewe alicheka. "Chai mara mbili kwa wiki. Mke wangu, mimina."

"Haya, njooni mkae," Mama Pacha aliwaita.

Vikombe havikutosha. Alipanda ukingoni kuchukua vingine nyumbani. Alipokuwa akirudi alisikia ngurumo. Maji ya kahawia yalikuwa yamejaa mto mzima, na jiko halikuwepo. Wanaume watatu walishika mizizi, wakavutwa hadi ukingoni. Mumewe alipatikana kesho yake, mbali sana, amekufa.

Siku ya tatu ya msiba, fundi wa bwawa alikuja. Alikaa kwenye mkeka bila kuinua macho.

"Pole sana, dada."

"Pole haimrudishi. Mvua haikunyesha. Maji yalitoka wapi?"

"Bwawani. Watu wakihitaji umeme mwingi, tunafungulia maji mengi yazungushe mitambo. Na mvua ikinyesha milimani, bwawa hujaa hata kama huku ni kukavu. Usitazame mawingu tena, dada. Sikiliza king'ora. Kikilia, maji hufika baada ya dakika kumi."

"Dakika kumi," Mama Pacha alisema. "Nami nilikuwa nawamiminia chai."

Fundi aliinua macho. "Kosa ni letu. Tulikipiga kila wiki, hatukuja kuwaeleza maana yake."

"Basi njoo uwaeleze kulekule mtoni, si kwenye mkeka wangu. Shemeji yangu anarudi kuchimba. Hana kazi nyingine."

Fundi alikwenda. Siku hizi jaribio ni mlio mmoja mfupi. Mlio mrefu unaorudiwa ni hatari. Acha koleo, acha ndoo, panda mpaka juu ya mawe yaliyopakwa rangi nyekundu. Usishuke mpaka fundi aruhusu. Jiko la chai nalo lilihamia juu. Mama Pacha aliwafanyisha mazoezi mpaka wakamchoka.

"Shemeji, umekuwa mwalimu mkuu," mdogo wa mumewe alimtania.

"Panda," alimjibu.

Mwezi uliofuata, mlio mrefu ulisikika. Jua lilikuwa kali vilevile, lakini hakuna aliyeuliza kitu. Watu kumi na wanne walipanda mbio, huku Mama Pacha akiwahesabu. Shemeji yake alikuwa wa mwisho. Maji yakaja, yakazoa makoleo na ndoo zote.

"Tumepona," shemeji alisema akitweta. Kisha akaona Mama Pacha analia. "Unalia nini tena? Tuko wote."

"Umepanda hatua ngapi?"

"Sijui. Labda arobaini."

"Arobaini tu," Mama Pacha alisema. "Na kaka yako alikuwa na miguu mizima."