CPA wa Lumuma

Mwili wa Amon Elia ulikuwa umelala kifudifudi kando ya mfereji wa kumwagilia vitunguu, miguu majini, kichwa nchi kavu. Alivaa shati jeupe la kanisani. Kisogo kilikuwa kimepasuka, na karibu yake palikuwa na jiwe lenye damu.

Inspekta Hildegarda alichuchumaa akamtazama. Barabara ya kutoka Kilosa hadi Lumuma ilikuwa imemtikisa mpaka kiuno kinamlaumu, lakini hakuwa na nafasi ya kujihurumia. Nyuma yake kilisimama kijiji kizima, na vijana wengi walikuwa na mapanga.

"Tuachie huyo mfugaji, afande!" mmoja alipaza sauti. "Tutamhoji wenyewe!"

Mfugaji mwenyewe, Paulo Ngeleja, alikuwa amefungwa kamba kwenye ofisi ya kijiji. Ndiye aliyeuona mwili, akaenda mbio kumwarifu mwenyekiti wa kijiji. Shukrani aliyopata ni hiyo kamba.

Hildegarda aliamuru afunguliwe.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Ulimkuta vipi?"

"Nilileta ng'ombe kunywa maji. Wakagoma. Kuangalia, nikamwona."

"Ulimgusa?"

"Nilimshika shingo nione kama anapumua. Alikuwa ameshapoa."

"Mlikuwa na ugomvi?"

"Ng'ombe wangu waliwahi kuingia shambani kwa baba yake. Tuliyamaliza. Amon mwenyewe ndiye aliyetusuluhisha."

"Kwa nini hukukimbia?"

"Ningekimbia, wangesema nimeua. Sikukimbia, wanasema nimeua."

Hildegarda alikuwa ameshaona kule mferejini kwamba kwato za ng'ombe zilikanyaga juu ya damu iliyoanza kukauka. Ng'ombe walifika baadaye. Lakini mtu mwenye panga na uchungu humwelezi habari za kwato akakusikiliza.

Alimpandisha Ngeleja kwenye gari, ampeleke mahabusu ya Kilosa, akiwa na nia ya kumlinda kuliko kumfunga. Ngeleja alishika mlango wa gari.

"Afande, mimi naondoka. Mke wangu na watoto wako bomani."

Kijana aliyepaza sauti alisikia, akacheka cheko baya. "Jumatatu tunazika," alisema. "Tukishazika, tutakwenda kuwasalimia."

Hildegarda aliwaacha askari wawili kwenye boma la Ngeleja. Alijua fika kuwa askari wawili mbele ya kijiji chenye msiba ni sawa na kuzuia mafuriko kwa ufagio. Akaingiwa na hofu, na hakujidanganya kuwa hakuwa nayo.

*

Daktari wa hospitali ya wilaya alifanya uchunguzi wa maiti Jumapili asubuhi.

"Pigo moja, kutoka nyuma," alisema. "Hana jeraha lolote la kujikinga mikononi."

"Yaani hakuogopa?"

"Alimpa mgongo aliyempiga. Mtu hampi mgongo adui yake."

Kikulacho ki nguoni mwako, Hildegarda aliwaza, akarudi Lumuma.

Nyumbani kwa marehemu palikuwa na jambo la kutia simanzi. Jumapili hiyo hiyo ukoo ulikuwa ufanye ibada ya shukrani, na bango lilikuwa bado limening'inia ukumbini: HONGERA CPA DITRAM MARKO. Chini yake wanawake walikuwa wanalia.

Ditram na Amon walikuwa watoto wa ndugu wawili, Mzee Marko na mdogo wake Mzee Elia. Walisoma uhasibu pamoja chuo kikuu, wakahitimu pamoja, na wote wawili wakawa wanajiandaa kwa mitihani ya Bodi ya wahasibu, ile inayomfanya mhasibu aitwe CPA mbele ya jina lake. Likizo walijifungia kwenye kibanda cha kulindia vitunguu, wakapiga maswali ya kodi na ukaguzi wa hesabu mpaka ndege wa shambani wakawazoea. Safari hii Amon alifeli somo moja, akasema wazi. Ditram alifaulu yote.

Kwa hiyo kama palikuwa na wivu, ungetoka kwa Amon kwenda kwa Ditram. Ndivyo kila mtu alivyoona, na Hildegarda naye alianza kwa kuona hivyo.

Ditram alikuja kuhojiwa akiwa amevaa suti iliyoshonwa kwa ajili ya shukrani. Macho yalikuwa mekundu.

"Pole sana," Hildegarda alisema.

"Ahsante, afande. Amon alikuwa pacha wangu, ni vile tu tulizaliwa matumbo tofauti."

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Mikumi. Kazini. Mimi ni mhasibu msaidizi kwenye hoteli moja pale."

"Ulipata habari lini?"

"Leo alfajiri, baba alinipigia. Nikapanda gari la kwanza."

"Amon alikuwa na adui?"

"Si mnaye tayari mahabusu?"

Alijibu haraka mno. Hildegarda aliandika jibu hilo, kisha akamwita pembeni msaidizi wake, Koplo Octavian.

"Kesho nenda Mikumi, kaulize hotelini."

"Unamshuku huyu, afande? Huyu ndiye aliyefaulu!"

"Nauliza tu. Kuuliza si ujinga."

*

Jumatatu mchana walizika. Mazishi ya Wakaguru hayaendi bila watani, na kwenye ukoo huu mtani mkuu alikuwa Yared, mzee mwembamba asiye na haya hata chembe. Siku hiyo alikuwa na ruhusa ambayo hata mchungaji hana: kumwambia yeyote lolote, kunyang'anya kofia, kulala kaburini akakataa kutoka. Na hakasirikiwi. Anayemkasirikia mtani msibani hujiaibisha yeye na ukoo wake.

Yared alitokea amevaa koti la marehemu, kikokotoo kikubwa kikining'inia shingoni kwa kamba ya katani. Alikuwa ameiga mwendo wa Amon, ule wa kuinamisha kichwa upande, kwa usahihi uliowafanya wanawake walie na kucheka kwa pamoja.

"Mimi ni Amon! Nimefufuka kuwakagua!" alitangaza. Akamsimamia shangazi mmoja. "Wewe, umelia machozi mangapi? Risiti iko wapi? Hakuna risiti? Hoja ya ukaguzi hiyo!"

Watu walicheka. Hata Mzee Elia, aliyempoteza mwanawe, midomo yake ilicheza kidogo. Ndiyo kazi ya mtani hiyo, kumrudishia mfiwa pumzi.

Yared akafika kwa Ditram, akamkung'uta suti.

"Na huyu je? CPA! CPA gani wewe? Mtihani wenyewe hukufanya, cheti umekiokota gulioni Kimamba!"

Kicheko kikapanda. Kilikatika ghafla, kwa sababu Ditram alikuwa amemkaba Yared shingoni.

"Nani kakwambia sikufanya? Eti? Amon alikwambia nini?"

Yared, kikokotoo kikiwa kimempanda kidevuni, alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ndogo, "mimi nakutania tu. Mtani hakasirikiwi."

Mzee Marko alimvuta mwanawe, akamwomba mtani radhi. Watu walisema ni uchungu, msameheni. Hildegarda naye angeliamini hilo la uchungu. Lakini mwenye uchungu husema "niache". Huyu aliuliza marehemu alisema nini.

Alisogea mbali na kaburi, akampigia simu Mkuu wa Upelelezi wa Wilaya, Kilosa.

"Mkuu, naomba uulize Bodi jambo moja. Ditram Marko alifanya mtihani uliopita?"

Kabla jibu halijarudi, Koplo Octavian alipiga kutoka Mikumi.

"Afande, nimeonana na meneja, dada mmoja anaitwa Costancia. Ditram aliomba ruhusa ya kuja kwenye shukrani yake. Aliondoka Ijumaa. Jumamosi hakuonekana kazini kabisa."

Njia ya mwongo ni fupi. Jibu la Bodi lilipofika, waombolezaji walikuwa wanaweka mashada. Nyuma ya nyumba, vijana walikuwa wameanza kukusanyana, na kila mmoja alikuwa amekwenda kuchukua panga lake.

*

Hildegarda alimketisha Ditram kwenye ofisi ya kijiji, akamsomea onyo: halazimiki kusema lolote, na atakalosema linaweza kutumika mahakamani. Ditram aliitikia kwa kichwa.

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Nimeshasema. Mikumi."

"Meneja wako anasema uliondoka Ijumaa."

"Amesahau."

"Mtihani ulifanyia wapi?"

"Morogoro."

"Ulikaa karibu na nani?"

Ditram alikung'uta mkono wa suti yake.

"Bodi wanasema ulijiandikisha. Siku ya mtihani kiti chako kilikuwa kitupu. Siku zote, Ditram."

Nje zilisikika sauti za vijana wakiitana. Hildegarda aliegemea mbele.

"Unawasikia? Wanakwenda kuchoma boma. Kuna mwanamke mle na watoto. Amon aliwasuluhisha watu hawa. Unataka wafe kwa jina lake?"

Ditram alifunika uso kwa mikono. Alipoanza kusema, alisema kama mtu anayetapika.

"Nilifika mpaka getini. Nilikuwa nimeshafeli mara mbili. Nikaona watu wamepanga foleni, kila mmoja na kikokotoo chake, wanapekuliwa. Nikaenda chooni, nikakaa humo mpaka mtihani ukaanza. Kesho yake sikurudi kabisa."

"Amon alijua?"

"Alikuwa kituo hicho hicho. Alinitafuta kwa macho. Lakini alininyamazia."

"Na nyumbani ukasema umefaulu."

"Matokeo hutoka kwa namba, afande. Nani angeijua namba yangu? Nilifikiri nitafanya tena kimyakimya, nifaulu, uongo uwe kweli. Baba akamwambia mchungaji. Wakapanga ibada. Wakaanza kuniita CPA njiani, hata watoto."

"Ikawaje Jumamosi?"

"Mchungaji alimpangia Amon kutoa ushuhuda. Asimame madhabahuni, aeleze tulivyosoma na Mungu alivyonifaulisha. Nilimsihi pale mferejini. Akasema, 'Kunyamaza nimenyamaza, kaka. Kusimama mbele ya Mungu nikaapia uongo, hapana. Nimeshavaa shati, twende kwa baba mkubwa sasa hivi. Nitaanza kusema mimi, wewe utamalizia.' Akatangulia."

"Akakupa mgongo."

"Alikuwa anakwenda kweli, afande. Nikaokota jiwe."

"Halafu?"

"Nikakaa kando yake muda mrefu, mpaka nikasikia kengele za ng'ombe zinakuja kwa mbali. Nikajua watamdhania nani. Nikashuka kwa njia ya chini, nikalala Kilosa, nikarudi na gari la asubuhi."

Koplo hakuwepo, kwa hiyo Hildegarda aliandika maelezo kwa mkono wake mwenyewe. Ditram aliweka sahihi.

*

Alimfungia Ditram ofisini, akarudi msibani, akawakuta vijana wameshafika njia panda ya mbele ya nyumba, na Mzee Elia na Mzee Marko wamekaa kwenye mkeka mmoja, kama ndugu wanavyokaa msibani. Hapakuwa na namna nyingine. Ili kuiokoa nyumba moja ilimbidi aibomoe nyingine, tena mbele za watu.

"Ngeleja hakumuua Amon," alisema kwa sauti kubwa. "Aliyemuua ni Ditram. Amekiri."

Kijana aliyetishia Jumamosi alirudi nyuma hatua moja. Mwenzake aliweka panga lake chini polepole, wengine wakafuata, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwingine. Hildegarda alipiga simu Kilosa pale pale, akaagiza Ngeleja aachiwe na aletwe kwa gari la polisi mpaka mlangoni kwake.

Kisha akachuchumaa mbele ya wazee.

"Shikamooni."

Mzee Elia aliendelea kutazama kaburi. Mzee Marko aliitika kwa mazoea tu.

"Marahaba, mwanangu. Kwa nini?"

Hildegarda alimweleza yote, kwa maneno machache kadiri alivyoweza.

"Kwa hiyo hakufaulu?"

"Hakuingia kwenye mtihani, mzee. Aliogopa wewe usije ukajua."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Mzee Marko alitikisa kichwa taratibu. "Mimi niliishia darasa la nne. Hiyo CPA hata sijui ni mnyama gani. Angeniambia, ningesema haya, vaa viatu twende shambani."

Mzee Elia alinyanyuka kwenye mkeka, akaenda kukaa peke yake kwenye udongo, upande wa kaburi. Kaka yake alimtazama akienda. Alitaka kumwambia pole, lakini hakujua kama bado ana haki ya kuitoa.