Mwendo wa Binti Yake

Filamu ile haikuwa na sauti. Ilipigwa kwa kamera ya zamani isiyorekodi sauti, na fundi alilijua hilo. Kwa nini basi alikuwa akisikia ndala zikiburutwa sakafuni? Akainama kuchungulia chini ya meza. Hakuna kitu. Akajicheka, akaendelea na kazi ya kuihamishia filamu kompyutani.

Mzee mwenye filamu alikuwa ameketi kando yake, miwani imemshukia puani.

"Projekta yetu ilimkimbiza binti yangu," alisema. "Kila tulipoiwasha wageni walicheka, eti anakimbia kama kuku. Mwanangu hakukimbia hata siku moja, fundi. Moyo wake haukumruhusu, na wiki moja baada ya kupiga filamu hii tukamzika. Nataka nimwone akitembea, kabla macho haya hayajazima kabisa."

"Usijali, mzee wangu. Kamera ilipiga taratibu, projekta ikacheza haraka. Ni kasi tu."

Akaishusha. Kwenye skrini binti akaacha kukimbia. Akatembea kando ya ukuta, ndala miguuni, mgongo kwa kamera, akipumzika kila baada ya hatua chache, mkono ukutani. Mzee akaziba mdomo kwa kiganja.

Ila picha zilirukaruka. Fundi alikuwa mtu wa kupenda kazi ilainike, basi akaiamuru kompyuta ibuni picha nyingine za kujaza nafasi kati ya zile za kweli. Hapo hapo harufu ya udongo mbichi ikatanda chumbani.

Binti akageuka.

"Hapa hakugeuka," mzee alinong'ona. "Kamera niliishika mwenyewe. Nilimwita, filamu ikaisha." Machozi yakamtiririka. "Punguza tena. Nimwone uso."

Fundi akapunguza, na kadiri alivyopunguza ndivyo kompyuta ilivyozidi kubuni, na kadiri ilivyozidi kubuni ndivyo uso ule ulivyozidi kusogea, na ndala sasa zilikuwa zikiburutwa nyuma ya viti vyao, hatua, kimya, hatua, mpaka uso ukajaa skrini nzima na fundi akatambua kwamba ameshaondoa vidole kwenye vitufe, na kasi bado inashuka.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "hizi si picha ulizopiga wewe. Nifute?"

"Ni uso wake."

"Sura ni yake, ndiyo. Lakini..."

Binti akatabasamu. Mzee akaganda.

"Meno," alisema. "Siku ile alikuwa na pengo mbele. Mawili yalimtoka asubuhi, akanipa mkononi."

Uso ule ulikuwa na meno yote, mengi kuliko ya mtoto.

"Futa, fundi. Futa kabla sijakuzuia."

Fundi akafuta. Harufu ikakatika. Ikabaki filamu ya kweli, ikirukaruka, binti akienda zake taratibu bila kugeuka. Mzee aliitazama mpaka mwisho, akilia bila kujificha.

"Ndivyo alivyotembea," alisema. "Huyo ndiye wangu."

Fundi akazima kompyuta, akampa flashi yake. Mzee akaitia mfukoni, akashika kitasa cha mlango. Nyuma yao ndala zikaburutwa.

"Baba, nisubiri," ikasema sauti ya mtoto aliyeishiwa pumzi.

Ndiyo sauti aliyoililia mzee miaka yote. Fundi aliona mkono wake ukilegea kwenye kitasa. Kisha mzee akafungua mlango, akatoka barabarani polepole, akipumzika kila baada ya hatua chache, mkono ukutani, bila kugeuka.