Kinyozi Aliyefunga Madirisha

Majirani na wazazi wenzangu, nipeni masikio yenu. Yaliyoikuta nyumba ya Kinyozi yanaweza kuikuta nyumba yoyote.

Asubuhi hiyo nyumba ilikuwa shwari. Mke wa Kinyozi, muuza vitambaa, alikuwa akinywa chai na mama mkwe wake wakitaniana, mara Kinyozi akaingia na makopo ya rangi ya mafuta. Jirani alikuwa amepaka nyumba yake, na tangu hapo Kinyozi hakuwa na raha. Shemeji zake walikuwa wanakuja Jumapili. Alitaka wakifika wabaki midomo wazi.

"Mume wangu," mkewe alisema, "mama ana pumu. Mpeleke kwa jirani kwanza, ndipo upake."

"Sawa, nimesikia," alijibu Kinyozi, macho yake yakiwa kwenye kopo.

"Msinihamishe kwa ajili ya harufu," alidakia Bibi, yule mama yake Kinyozi. "Mimi nitajilalia zangu chumbani."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ndugu zangu. Mwana hakutaka kusikia, na mama hakutaka kumharibia mwanawe furaha.

Mke alikwenda dukani kwake, lakini hakutulia. Alikata kitambaa cha mteja upande, akaomba radhi, akafunga duka mapema. Alipofika nyumbani alimkuta Kinyozi uani, nywele zimejaa matone ya rangi, akiwaonyesha majirani ukuta wake mpya. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

"Mama yuko wapi?"

"Amelala. Nimefunga ili vumbi lisinate ukutani."

Mke hakungoja amalize kusema. Alipofungua mlango, harufu ilimpiga usoni, machozi yakamchuruzika. Bibi alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kitandani, akivuta pumzi kwa shida, kifua kinapiga mluzi. Mke alishika dirisha, halikufunguka. Rangi ilikuwa imeligandisha. Akambeba mama mkwe wake mgongoni mpaka nje, huku akipaza sauti, "Dawa yake! Leta dawa yake!"

Kinyozi alikimbia ndani, akarudi na dawa. Bibi alivuta, akavuta tena, kisha wakamkimbiza zahanati. Muuguzi aliwaambia kwamba wangechelewa kidogo tu, wangekuwa wanazungumza mengine. Kinyozi aliinama, akalia kama mtoto.

"Kulia baadaye," mkewe alimwambia. "Mama atalala kwa jirani. Wewe na mimi tuna kazi."

Wakashika kazi kweli. Mke alipitisha kisu kwenye fremu za madirisha, moja baada ya jingine, mpaka yote yakafunguka na upepo ukapita nyumba nzima. Walitoa nje magodoro na mapazia. Matone yaliyokauka sakafuni, ambako Kinyozi hakutandika hata gazeti, waliyakwangua wakiwa wamepiga magoti mpaka viuno vikalalamika. Kinyozi alipotaka kunawa mikono kwa petroli, mkewe alimpokonya kopo.

"Unataka kujibabua? Jipake mafuta ya kupikia, kisha nawa kwa sabuni."

Mikono ikatakata. Nywele zilikataa katakata. Ikabidi mke achukue mashine ya mumewe na kumnyoa kipara mbele ya majirani.

"Leo kinyozi kanyolewa!" Bibi alisema akiwa barazani kwa jirani, akacheka. Alicheka kicheko kirefu, bila kukohoa hata kidogo. Mke aliposikia kicheko kile, machozi yalimtoka, na safari hii hayakuwa ya rangi.

Bibi hakurudi chumbani mwake mpaka mkewe Kinyozi aliponusa kila kona na kuridhika. Jumapili shemeji walikuta kuta zinang'aa na hewa safi. Walipousifia ukuta, Kinyozi alimshika mkewe bega.

"Msiusifie ukuta," alisema. "Msifuni dada yenu. Mimi nilitaka nyumba nzuri nikamsahau mama aliyemo ndani. Huyu ndiye aliyenirudishia mama."

Bibi akapiga vigelegele, na nyumba nzima ikaitikia.

Funzo

Usipake rangi nyumbani kabla ya kuwatoa wagonjwa, wazee na watoto. Fungua madirisha, tandika sakafu, na usimrudishe mtu ndani mpaka harufu iishe. Nawe mzee, ukiumia, sema; kunyamaza si kumpenda mwanao. Zaidi ya yote, sifa za majirani zisikufanye ukaziba masikio mwenzako anapokuonya. Nyumba ni watu wanaopumua ndani yake.