Kiosha Miguu

Jambo la kwanza lilikuwa dogo: nyayo za Zuena hazikukauka.

Mwantumu aliziona asubuhi alipomaliza kuswali. Zilitoka chumbani kwa binti yake, zikapita sebuleni, zikakomea mlango wa mbele. Nyayo za maji, kila kidole wazi. Akazifuta kwa tambara, akaenda kuwasha moto, na aliporudi alizikuta palepale, mbichi, kana kwamba mtu amepita sasa hivi.

"Zuena, umeshaoga?"

"Sijaoga mama. Ndo kwanza naamka."

Kilikuwa kiangazi kikali. Maji yalikuwa ya kugombewa, wala hakuna aliyeyamwaga ndani ya nyumba.

Mwantumu alikuwa mpishi wa uji katika shule ya msingi ya kijiji kimoja cha upande wa Ruaruke, na Zuena, mwanawe wa pekee, aliyemaliza kidato cha nne, alikuwa akijitolea kufundisha palepale. Wiki ile walikuwapo wageni wa kanisa moja la Ufini, waliokuja kuwahudumia watoto. Mwalimu mkuu aliwaambia mapema kwamba kijiji ni cha Waislamu, basi wasihubiri. Nao, kusema haki, hawakuhubiri. Walipaka madarasa rangi, wakatengeneza madawati, na wakaleta viatu kwa kila mtoto. Kiongozi wao, mwanamke mzima aitwaye Marjatta, ambaye wanawake wa jikoni walimwita Mama Marijata, aliomba jambo moja tu: kabla mtoto hajavaa viatu, yeye mwenyewe amwoshe miguu kwa mikono yake, kwa kuwa katika imani yao mkubwa humwinamia mdogo.

"Maji hayana dini," alisema mwalimu mkuu, akaruhusu.

Lakini pampu ya shule ilikuwa mbovu. Zuena, aliyekuwa mkalimani wao, ndiye aliyepanda gari la wageni na madumu mpaka bondeni, kwenye bwawa ambalo mto Rufiji huliacha nyuma kila mafuriko yanapopungua. Maji ya bwawa lile hayachotwi kimyakimya, kwa kuwa yana mwenyewe. Mtu hupiga hodi kwanza, na kata ya kwanza huirudisha. Zuena alilijua hilo tangu utotoni. Baadaye alisema aliona haya kuyapigia maji hodi mbele ya wageni wenye kamera. Akachota, akaondoka.

Shuleni watoto waliliogopa beseni. Wa kwanza kuitwa alilia mpaka akakohoa. Basi Zuena akavua kandambili, akaketi yeye kwanza ili wamwone. Mama Marijata akapiga magoti, akamwosha miguu taratibu, akaikausha kwa taulo jeupe.

Tatu, mwenzake Mwantumu wa jikoni, akasimama na mwiko mkononi. "Hebu muone! Mtu mzima kampigia mwanao magoti. Aje na huku kwangu basi. Magaga yangu haya yatammalizia sabuni yote ya Ulaya!"

Wakacheka. Mwantumu naye alicheka, ingawa kwa shingo upande, kwa sababu kwao msichana mkubwa huoshwa miguu na mtu mwingine siku moja tu, siku ya ndoa yake. Siku hiyo mume hutoa zawadi iitwayo kiosha miguu, na jamaa wa mke wakishaipokea, basi mke ni wake. Lakini haya yalikuwa mambo ya wageni. Akarudi kukoroga uji.

Sasa, asubuhi ile ya nyayo, alifungua mlango wa mbele akakuta kambare kizingitini, mnene, amelazwa juu ya jani la yungiyungi. Matamvua yalikuwa bado yanapanda na kushuka.

Akatabasamu. Nasibu, kijana aliyekuwa akimtaka Zuena, alikuwa hajaleta posa, lakini hiyo ndiyo adabu ya mkwe, kutuma kitu kabla hajajitokeza. Akampika samaki kwa nazi, akamla peke yake, maana Zuena alisukuma sahani.

"Ananuka tope, mama."

"Tope ndilo kwao. Unataka anuke mafuta mazuri?"

Kesho yake ilikuwa doti ya kanga, imekunjwa vizuri, imelowa, inanuka tope na udi. Mwantumu aliiinua kwa mikono miwili na kuuambia uwanja mtupu kama inavyompasa mama wa binti: "Tumepokea, mwanangu. Ahsante."

Hapakuwa na upepo. Hata hivyo kule bondeni matete yalilia yote kwa pamoja, kisha yakanyamaza.

Tangu hapo Zuena hakuvaa viatu tena, kwa kuwa kila alichokivaa kilijaa maji. Wageni waliagwa kwa nyimbo, wakaondoka, na watoto wakabaki wakikimbia barabarani na viatu vyao bila kupatwa na neno lolote. Yeye akawa anaketi kizingitini ameelekea bondeni. Jua likianza kuzama harufu ya tope na udi iliingia ndani, kwanza kidogo kama nguo mbichi iliyosahauliwa kwenye ndoo, halafu nzito ya kuziba koo, na Zuena akainuka bila kuitwa na mtu, akatembea kuelekea matete huku mama yake amemshika kiuno na kumvuta na kusoma kila aya aliyoijua, na mkono wa Mwantumu uliposhuka ukagusa mguu wa mwanawe, mguu ule ulikuwa baridi na laini kama tumbo la samaki.

Nasibu alipokuja na mjomba wake kuleta posa, Mwantumu alikaribia kumkumbatia.

"Samaki wako tulimpata, baba. Na kanga."

Nasibu akamtazama mjomba wake. "Samaki gani, mama? Mie tangu mwezi uliopita niko Mloka, nalinda mahindi ya mjomba. Tembo wanatumaliza kule. Ndo kwanza narudi."

Mwantumu alikwenda uani, akajaribu kutapika. Hakikutoka kitu ila maji ya bwawa.

Wakamwita Mwalimu Abdulswamadu kutoka Ikwiriri, mtu wa madrasa aliyesifika kwa visomo. Alifika adhuhuri. Akamketisha Zuena mkekani, akamfunika shuka nyeupe, akafukiza ubani, akasoma mpaka shuka ikaanza kudondosha maji.

"Nani wewe?"

Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume, ya upole sana. "Mkwe. Mama mkwe, hujambo?"

Mwantumu akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Nani aliyekupa mke?" akauliza mwalimu.

"Maji yangu yalichotwa bila hodi, nikasema hawa wana haraka. Miguu ikaoshwa kwa maji yangu, mbele ya watu. Nikatoa kiosha miguu. Mama mtu akala, akasema tumepokea. Mimi nimekosa wapi, mwalimu?"

Mwalimu Abdulswamadu akatia ubani mwingine motoni.

"Kanga utarudishiwa," akasema mwishowe.

"Na samaki?"

Ubani ulitoa mlio kwenye chetezo.

"Mie si mkorofi," sauti ikaendelea. "Wale wadogo nao wameoshwa kwa maji yangu. Nitajie jina moja, mama mkwe. Moja tu, nimwache huyu."

Wakati huohuo watoto walikuwa wakitoka shule. Viatu vipya vilisikika vikipiga barabara, na Hafsa, mjukuu wa Tatu, akachungulia dirishani kama siku zote. "Shikamoo bibi!"

Mwantumu akamtazama mtoto, akamtazama mwanawe chini ya shuka. Jina lilikuwa limeshafika ulimini. Alilionja. Kisha akalimeza.

"Marahaba, mwanangu. Nenda nyumbani. Kimbia." Akageuka. "Aliyekula ni mimi. Nichukue mimi."

"Hukuoshwa."

"Nitaoshwa."

"Mwantumu," mwalimu akanong'ona, "hilo halina kisomo cha kulirudisha."

"Najua, mwalimu. Kamchoteeni maji. Na mpige hodi."

Nasibu akaenda bondeni. Aliporudi na ndoo, Zuena alikuwa amezinduka, anauliza kwa nini shuka imelowa. Mwalimu alimwambia, bila kumtazama usoni, kwamba amebakiza dawa moja: amwoshe mama yake miguu. Zuena akapiga magoti, kama alivyomwona mgeni akifanya, akaosha taratibu, akasugua visigino.

"Mama, una magaga weye!" akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu wageni waondoke. Mwantumu akamwekea mkono kichwani, akauacha hapo mpaka maji yakaisha kwenye ndoo.

Zuena alipoinuka, nyayo zake sakafuni zilikauka mara moja.

Ndoa ilifanyika wakati wa mavuno. Pampu ilikuwa imetengenezwa, na Tatu ndiye aliyepangwa kumwosha mwali miguu kwa maji ya bomba. Asubuhi ya siku hiyo, kabla ya wapishi kufika, Zuena alifungua mlango wa mbele, viatu mguuni, akaita kwa furaha:

"Mama! Nasibu kaleta samaki! Nimpike kwa nazi?"

Mwantumu akatoka jikoni, pekupeku, bila haraka. Nyuma yake, kutoka mekoni hadi mlangoni, sakafu ilikuwa imepigwa chapa za maji, kila kidole wazi.

"Mwache hapo, mwanangu," akasema. "Huyo ni wangu."