Aliyetangulia Hemani

Rafiki yangu Eldiyar anachechemea hadi leo, na kisa chake hakisimulii ila jua likiwaka.

Alipanda mlimani mchana kutafuta farasi aliyepotea. Shemeji yake, Samagan, alibaki kwenye hema lao la sufu, kila mmoja na redio yake ya mawasiliano. Wawili hao walikuwa hawaivi chungu kimoja.

Ghafla ukungu ukashuka mzito.

"Shemeji, sioni njia," Eldiyar alisema redioni. "Gonga sufuria niufuate mlio."

"Potea tu! Dada yangu atapata mume mwenye macho."

Hata hivyo Samagan akagonga, na Eldiyar akateremka akiufuata mlio. Alipokaribia, ukakatika. Redio ikakoroma, na sauti ya Samagan ikasikika ikisema na mtu mwingine.

"Kumbe umeshafika! Ingia basi, unaleta baridi."

"Samagan! Mimi bado niko nje!" Eldiyar alipiga kelele redioni. Lakini redio hizo, mmoja akishikilia kitufe, mwenzake hasikiki, na kule hemani kulikuwa na aliyekishikilia. Alisikia kuni zikialika motoni na chai ikimiminwa.

"Mbona kimya, shemeji? Umeona nini huko?"

Sauti iliyojibu ilikuwa ya Eldiyar mwenyewe, tulivu kabisa.

"Chukua bunduki. Kuna kitu kinanifuata, na kimevaa sura yangu."

Bunduki ikakokiwa. Eldiyar aliusikia mlio ule redioni, na papo hapo akausikia mbele yake, ndani ya ukungu.