Watu wa Kambare na Watu wa Perege

Siku zile, kabla bwawa halijazungushiwa ua wa seng'enge, Jumamosi ilikuwa na harufu yake. Ilikuwa harufu ya udongo mbichi na nyungunyungu, maana asubuhi Baba aliinama nyuma ya nyumba kuchimba chambo huku binti yake, Chubwi, akimshikia kopo. Baba alikuwa fundi baiskeli. Siku nyingine zote mikono yake ilinuka grisi. Jumamosi ilinuka bwawa.

Chubwi ni kile kipande cha risasi kinachozamisha mshipi. Jina hilo alipewa na Baba. "Huyu mtoto akishakaa ukingoni hang'oki," alisema, "utadhani chubwi imenasa matopeni!"

Baba alikuwa mtu wa kambare. Watu wa kambare walitumia mishipi minene na chubwi nzito, wakangoja kimya. Mama Mdogo, dada mdogo wa mama yake Chubwi, alikuwa mtu wa perege. Huyu alikuwa fundi cherehani, na mikono yake ilikuwa myepesi hata kwenye uvuvi. Watu wa perege walitumia fito nyembamba na maboya madogo, wakatupa pumba majini kuwaita samaki.

Hapo awali wote walikaa ukingo mmoja, wakanywa chai ya birika moja.

"Shemeji, huyo kambare wako ana masharubu kama mkaguzi wa shule!" Mama Mdogo alisema.

"Afadhali masharubu, shemeji. Perege wako ni miiba iliyovaa magamba!"

Watu wakacheka mpaka samaki wakakimbia. Chubwi hakuwahi kusikia kicheko kitamu kama kile.

Kisha siku moja chubwi ya mtu mmoja wa kambare ilitua katikati ya maboya ya watu wa perege. Samaki wakatawanyika. Neno likazaa neno. Hawa wakasema wale wanatupa mawe, wale wakasema hawa wanachafua maji kwa pumba. Jumamosi iliyofuata mawe yalikuwa yamepangwa ukingoni kama mpaka. Mama Mdogo akaacha kusema "shemeji", akawa anasema "yule fundi". Binti yake, Kasuku, msichana wa kuongea bila kituo, akakatazwa kuvuka mpaka. Chubwi naye vivyo hivyo. Wakabaki kupungiana mikono kwa siri.

Huku nyuma, mfereji ulioleta maji bwawani uliota magugu. Zamani waliufyeka pamoja. Sasa bwana samaki, ofisa aliyesimamia bwawa, alipouliza, kila kundi lilinyoosha kidole upande wa pili.

"Nikiwauliza hawa, wananituma kwa wale," alisema kwa uchungu. "Bwawa likikauka, nitalifunga, na nyote mtavua kwenye ndoo zenu."

Kiangazi kikaingia. Asubuhi moja Chubwi na Baba walikuta maji yamepungua na kuwa mazito kama uji. Upande wa pili perege walikuwa wameelea juu, midomo wazi, wakitafuta hewa. Wengine walikuwa wamegeuza matumbo. Watu wa perege walihangaika huku na huko. Kasuku alikuwa ameshika beseni lililojaa samaki, akijaribu kuwapeleka penye kina, lakini kila hatua maji yalimwagika. Siku hiyo hakuwa na neno hata moja. Alikuwa akilia tu.

"Baba, perege wanakufa!"

"Nawaona," Baba alisema, akaweka chambo kwenye ndoana. "Kambare ni mvumilivu, anapumua hata matopeni. Wetu hawafi."

Chubwi alimtazama Kasuku, akautazama mstari wa mawe. Miguu yake ikamtangulia. Aliruka mpaka, akashika upande wa pili wa beseni. Watoto hao wawili wakatembea taratibu, na maji hayakumwagika tena.

"Wewe! Rudi huku!" Baba alifoka.

Chubwi hakuwa na mazoea ya kumjibu baba yake. "Baba," alisema, "kila tukipasua kambare, tunakuta nini tumboni? Si vitoto vya perege? Hawa wakiisha, wetu watakula nini?"

Baba aliitazama ndoana yake kwa muda, kisha akaiweka chini, akakunja suruali na kuingia kwenye mfereji.

Watu wa perege walikuwa wameanza kung'oa magugu kwa pupa. "Msiufungue mfereji wote kwa mara moja!" Baba aliwaambia. "Tope lililooza litaingia na kummaliza hata samaki aliyebaki. Tutoe tope kwanza."

Mama Mdogo alisimama, jembe mkononi, jasho likimtiririka. Chubwi alidhani ataanza kugomba.

"Haya, shemeji," alisema polepole. "Tuonyeshe. Sisi tutahamisha samaki, tunajua wanapojificha."

Wakafanya kazi mpaka jua likapinda, wengine kwa majembe, wengine kwa mabeseni. Maji safi yalipopenya, kwanza kama uzi, kisha kama mkono wa mtu, Kasuku alipata sauti yake na kupiga kelele mpaka akapaliwa. Perege wengi walikuwa wamekufa, ila wengi zaidi walizama wakaogelea. Bwana samaki alipofika aliwakuta wote wamejaa tope, asijue nani ni wa kundi gani.

"Leo naona nina bwawa," alisema, naye akavua viatu.

Mambo hayo ni ya zamani. Chubwi sasa ni mama wa watoto, na wengi wa wavuvi wale hawapo tena. Lakini bado anaikumbuka njia ya kurudi nyumbani jioni ile, Mama Mdogo upande mmoja, Baba upande wa pili na baiskeli yake.

"Nilikufokea, mwanangu, nawe ulikuwa na haki," Baba alisema. "Kila mtu na avue samaki ampendaye, kwa ndoana anayoijua. Lakini maji ni yetu sote. Anayefurahi upande wa jirani ukikauka, ajue na wake unafuata."

"Umesema kweli, shemeji," Mama Mdogo akaitikia. "Ila kambare wako bado ni mbaya wa sura."